Unatafuta kiwanja cha tenisi? Angalia kwanza ardhi na upepo

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu jioni baada ya chakula, leo hatutasema juu ya kofia ya kazi wala juu ya mkanda wa mashine. Tutasema juu ya mchezo. Maana mtu anaweza kulinda mwili wake vizuri kazini muda wa juma zima, halafu siku ya Mungu akauharibu mahali alipokwenda kutafuta afya.

Zamani za wakoloni, viwanja vingi vya tenisi mjini Lubumbashi vilikuwa vya Wazungu. Mtoto wa mfanyakazi aliingia humo kwa kazi ya kuokota mipira tu. Wakati ule umepita. Leo mfanyakazi anatafuta kiwanja sawa na mtu mwingine: penye klabu, penye shule, penye hoteli, ao katika mitaa ya zamani ya kampuni. Lakini wengi wakifika mlangoni wanauliza neno moja: "Ni franga ngapi?" Sisi tunasema, bei iulizwe mwisho.

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi unajua desturi. Kabla ya kutoboa mwamba, unagonga dari kwa chuma na kusikiliza sauti yake. Hakuna kapita mwenye akili anayekuacha uingie bila kufanya hivyo. Basi, fanya vilevile na kiwanja.

Uliza kwanza: udongo huu umetoka wapi? Tanuru ya shaba ya Lubumbashi ilianza kazi mwaka 1911. Muda wa miaka mingi moshi wake ulichukuliwa na upepo, na upepo wetu, zaidi wakati wa kiangazi, unatoka kusini-mashariki. Kwa hivi ardhi iliyo upande wa kaskazini-magharibi wa dohani ilipokea vumbi la moshi ule: shaba, zinki, kadimi, arseniki, kobalti, na risasi, ile inayotiwa katika batri za gari. Vitu hivi havikuondoka siku moshi ulipopungua. Vimebaki katika udongo wa juu, na kila mguu unaokimbia unaviinua tena. Mtu mzima anavimeza kidogo. Mtoto anavimeza zaidi, kwa kuwa anaokota mpira chini, kisha anatia vidole kinywani. Na risasi inaharibu akili ya mtoto hata ikiwa kidogo; hakuna kipimo chake kinachojulikana kuwa hakina hatari.

Dalili moja unaweza kuiona bila chombo chochote. Tazama pembeni mwa kiwanja. Kama majani hayakubali kuota hata wakati wa mvua, na ardhi imebaki uchi kama kichwa kilichonyolewa, usipeleke watoto wako pale. Na kama kiwanja kimetandikwa mabaki meusi ya tanuru, yale yanayong'aa kidogo, pita njia yako. Mabaki yale ni mazuri kwa macho ya mtu wa picha anayepiga lile lilima jeusi la mji wetu. Si ya kukimbilia juu.

Udongo mzuri tunao. Yule mchwa anayejenga vichuguu virefu vya Katanga anatuandalia udongo laini unaoshikamana sana. Katika sehemu mbalimbali za Afrika watu wameutumia kutengeneza viwanja vya tenisi. Kiwanja cha udongo ulioshindiliwa kina faida kwa mtu wa kazi nzito: mguu unateleza kidogo kabla ya kusimama, na goti halipokei pigo lote. Simenti haisamehe. Mtu aliyebeba na kupanda ngazi muda wa miaka ishirini, mgongo wake na magoti yake vimekwisha kulipa. Asiende kuviuza tena juu ya simenti kama kuna kiwanja cha udongo karibu. Lakini kiwanja cha udongo kinataka maji. Kisiponyweshwa kabla ya mchezo ni vumbi tupu, na vumbi ulilokimbia kule kazini utalivuta hapa kwa kulipa.

Angalia na mistari. Mara nyingi kwenye udongo ni mikanda myeupe iliyopigiliwa misumari. Msumari mmoja ukiinuka, mtu anaanguka, ao anachomwa mguu. Hapo ndipo swali la chanjo ya pepopunda linapoingia. Je, yako ulipata lini?

Sasa pima nafasi. Kiwanja chenyewe kina mita 23,77 kwa urefu, na mita 10,97 kwa upana kwa mchezo wa watu wanne. Hiyo haitoshi. Nyuma ya kila mstari wa mwisho inapasa kuwa na mita 5 na nusu hivi, na kila upande mita 3, mpaka ukuta ao uzio. Tembea tu kwa hatua kubwa za mita moja: kutoka mstari wa mwisho mpaka ukutani, ukihesabu hatua tatu, rudi nyumbani. Mtu anaweza kuumia vibaya akikimbilia mpira wa mwisho na kusahau ukuta. Na sisi huku tuko juu: Lubumbashi iko karibu mita 1.200 juu ya bahari, Kolwezi zaidi ya mita 1.400. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko pwani, na mchezaji anarudi nyuma zaidi. Hata wakuu wa tenisi wa dunia wameweka mipira ya namna ya pekee kwa miji iliyo juu ya mita 1.219.

Kiwanja kilichowekwa vizuri kinaelekea kaskazini na kusini. Kama kimewekwa mashariki na magharibi, asubuhi na jioni mmoja wenu atapiga mpira kipofu, na mpira wa tenisi ukiingia jichoni si jambo la kucheka.

Juu ya mvua tutasema kwa nguvu, kwa sababu hapa watu wengi wanafanya ujinga. Toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, ngurumo ni za kila juma. Kiwanja ni mahali wazi, kuna uzio wa chuma, nguzo za taa, na mkononi una raketi. Ukisikia ngurumo, mchezo umekwisha. Usingoje tone la kwanza, usiseme "tumalize hii moja". Na usijifiche chini ya mwembe. Kwa hiyo, katika kuchagua, tafuta kama kuna nyumba yenye kuta karibu. Kipaa kilichosimama juu ya nguzo nne si kimbilio. Mkiingia ndani, ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Viwanja vyenye taa vinapendwa na watu wa zamu ya mchana. Vizuri, lakini tazama mitaro: maji yaliyosimama ni mbu, na mbu wa malaria anauma usiku. Na wewe unayetoka zamu ya usiku, lala kwanza. Aliyepita miaka arobaini na hajakimbia siku nyingi aende kwa munganga wa dispanseri apimwe damu na moyo.

Kwa watoto, uliza kama wana mipira myekundu, ile inayokwenda polepole. Kwa mipira hiyo kiwanja kidogo kinatosha, na mkono wa mtoto hauumii.

Siku ya kwanza, basi, nenda bila raketi. Kaa juu ya benchi na bibi yako, tazameni vumbi linakwenda upande gani. Kisha mwite mlinzi wa kiwanja, umwulize ananywesha udongo mara ngapi kwa siku. Akikuonyesha mpira wa maji na pipa lililojaa, hapo sasa muulize ni franga ngapi.