Uzito wa Mwili na Kwenda Juu

Ndugu Waislamu, tumeulizwa darasani: Je, mtu akipanda juu uzito wake hupungua? Na ni kweli kwamba huko wanakozunguka wanaanga hakuna mvuto kabisa? Kuyatafutia majawabu masuala kama haya si bidaa, kama wadhanivyo baadhi ya watu. Ni kuzingatia viumbe vya Mwenyezi Mungu.

Yapasa kwanza tufahamu kuwa uzito ni nguvu ya ardhi kukivuta kitu. Na umbali huhesabiwa kutoka kitovu cha ardhi, si kutoka usoni pake. Na baina ya kitovu na uso ni kilomita 6,371 hivi. Kanuni yake aliidhihirisha Isaac Newton mwaka 1687: umbali ukiwa mara mbili, mvuto hubaki robo, ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja katika tisa.

Basi mtu wa kilo 70 akitoka Mombasa akapanda hata kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, hupungukiwa na gramu 100 hivi tu. Kwani kilomita tano mbele ya 6,371 ni chache mno. Tena mizani ya vitanga viwili haitamwonyesha upungufu huo, kwa kuwa mawe ya kupimia nayo hupungua vilevile. Hapo hutakiwa mizani ya springi.

Ama chombo cha kimataifa kizungukacho ardhi, kiko juu kiasi cha kilomita 400. Huko mvuto umebaki sehemu 89 katika 100, na mtu wetu huvutwa kama mwenye kilo 62. Waeleaje basi? Ni kwa kuwa wao na chombo chao huanguka pamoja, na mwendo wao wa kilomita 7.7 kwa sekunde huwapitisha kando ya ardhi daima wasiifikie.

Wako wasemao kuwa wazee wetu waliyajua yote haya. Kweli, Abdurrahman Al-Khazini wa Marw, katika kitabu chake Mizanul-Hikma cha mwaka 515 wa Hijra (1121), alisema kuwa uzito wa kitu hufuata umbali wake na kitovu. Lakini yeye alisema huzidi kwa kadiri ya umbali, na dalili zimethibitisha kuwa juu ya ardhi hupungua. Basi aliuliza vyema, na jawabu likasahihishwa na waliokuja baadaye. Hilo halimshushi daraja, kwani alipima na akafikiri.

Kinachotushusha sisi ni kujisifu kwa jina lake miaka mia tisa, na watoto wetu hatuwafundishi hisabu. Kumfuata mtu bila dalili kwa kuwa ni wetu ni taqlidi, ijapokuwa katika elimu ya mizani.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.