SOMO: TURBO IKIFA, TAFUTA KWANZA KILICHOIUA



Vikundi vingi vya kujisaidia vina pikapu ya kubebea maziwa, mboga au mahindi. Wengine wameiongezea nguvu kwa kufungiwa turbo ambayo gari halikutoka nayo kiwandani. Gari likipanda mlima bila kuchoka, kila mwanachama hufurahi. Lakini siku turbo inapokataa kazi, pesa za kikundi huanza kuyeyuka. Somo hili halitamfanya kila mtu awe fundi. Litawasaidia nyinyi wenye gari mjue maswali ya kuuliza kabla hamjatoa pesa.

Mfano wa kufikiria

Wazieni kikundi cha wafugaji wenye pikapu kuukuu ya dizeli. Wanafungiwa turbo ya mtumba na kwa miezi minne maziwa yanafika mapema. Halafu moshi wa buluu unaanza kutoka. Fundi anatazama moshi tu, anasema, "Turbo imekufa, nunueni nyingine." Wanachama wanachanga tena. Turbo ya pili inafungwa, lakini moshi hauishi. Baada ya wiki tatu inapiga kelele kama king'ora, kisha kimya. Gari halivuti tena, na maziwa yanaharibika njiani.

Sasa wanaita fundi mwingine. Huyu hasemi habari ya kununua. Anasema, "Nileteeni turbo zote mbili za zamani." Anaziweka juu ya meza. Ya kwanza inazunguka vizuri kwa kidole, wala feni yake haijagusa mahali. Ya pili shafti yake imegeuka rangi, imekuwa nyeusi na buluu kama chuma kilichotoka kwenye moto.

Mweka hazina anauliza, "Fundi, unataka kusema hii ya kwanza tuliitupa bure?"

"Ndiyo, mama. Hii ilikuwa nzima. Shida ilikuwa paipu ya kurudisha oili. Waliweka mpira wa maji ya redieta, na mpira huo ukikaa na oili huvimba ndani na kuziba. Oili ikakosa njia ya kurudi, ikapenya kwenye turbo na kuungua. Hii ya pili ndiyo iliyouawa. Walipaka silikoni kwenye kiungo cha oili ya kuingia. Kipande kikang'oka, kikaziba tundu, turbo ikazunguka kavu."

Kumbe turbo mbili zimeliwa na mpira mmoja na silikoni kidogo! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Turbo inafanya kazi gani?

Mhandisi wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi ndiye aliyepata hataza ya wazo hili mwaka wa 1905. Turbo ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini huzungusha feni ya kwanza. Feni ya pili huzunguka pamoja nayo, huvuta hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli huungua vizuri na gari hupata nguvu.

Ndiyo maana watu wa milimani huipenda. Kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu robo. Injini isiyo na turbo hukosa pumzi huko, kama mtu.

Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoizungusha unaweza kufika nyuzi 700 za Selsiasi. Kinachoikinga ni utando mwembamba wa oili ya injini. Oili ikikatika kwa muda mfupi tu, chuma husugua chuma.

Maadui wanne wa turbo

1. Kukosa oili: oili imepungua, au paipu ya kuingiza imeziba au imejikunja.
2. Oili chafu: haikubadilishwa kwa wakati wake, ikabeba masizi na mchanga.
3. Kitu kigeni: jiwe, nati au kitambaa kilichosahauliwa kwenye njia ya hewa.
4. Joto kupita kiasi: dizeli imeongezwa mno, au injini huzimwa ghafla ikiwa moto.

Gari lililoongezewa turbo lina hatari zaidi. Injini iliyoundwa na turbo tangu kiwandani mara nyingi hupewa njia maalum za oili na njia bora za kupoza. Yenu haikupewa. Paipu zake zilipimwa kwa macho ya fundi. Kwa hiyo anzeni kutafuta shida kwenye vitu vilivyoongezwa.

Hatua za kutafuta shida

Injini iwe imezimwa na imepoa. Fuateni mpango huu, msiruke hatua.

Hatua ya 1: Angalieni moshi kabla ya kuzima. Moshi mweusi humaanisha dizeli ni nyingi kuliko hewa: huenda filta ya hewa imeziba, paipu ya hewa imepasuka, au pampu imefunguliwa mno. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Oili hiyo yaweza kutoka kwa turbo, lakini pia kwa injini iliyochoka.

Hatua ya 2: Pimeni oili kwa kijiti chake. Je, imefika alama? Ni nzito kama uji? Ina harufu ya dizeli? Ilibadilishwa lini? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya 3: Kagueni filta ya hewa na paipu zote mpaka kwenye injini. Klipu moja iliyolegea yaweza kuondoa nguvu yote ya gari, na turbo isiwe na kosa lolote.

Hatua ya 4: Toeni paipu ya hewa na mtazame feni. Izungusheni kwa kidole. Kucheza kidogo kwa upande ni kawaida. Feni ikigusa ukuta wa nyumba yake, au ikiwa imevunjika meno, turbo imekwisha. Sukumeni na kuvuta shafti pia. Ikiingia na kutoka waziwazi, imekwisha.

Hatua ya 5: Fungueni paipu ya kuingiza oili upande wa turbo, mdomo wake muuweke kwenye kopo. Kateni dizeli ili injini isiwake, kisha pigeni stata kwa muda mfupi. Oili itoke mfululizo, si kudondoka.

Hatua ya 6: Kagueni paipu ya kurudisha oili. Iwe pana, iteremke bila kupinda kwenda juu, na iingie kwenye injini juu ya usawa wa oili. Mpira uwe wa kuhimili oili na joto, si wa maji.

Hatua ya 7: Kagueni bomba la kupumulia la injini. Likiziba, au injini ikiwa imechoka, msukumo wa ndani huzuia oili ya turbo isirudi. Hapo turbo mpya nayo itatoa moshi.

ONYO: Injini ya dizeli inaweza kuanza kuchoma oili inayovuja kwenye turbo, ikanguruma na kukataa kuzimika hata ufunguo ukitolewa. Watu wakae mbali. Dereva wa gari la gia za mkono akanyage breki kwa nguvu, atie gia ya juu kabisa, kisha aachie klachi ili injini isongwe izimike. Mtu asiweke mkono kwenye mdomo wa hewa.

Kabla ya kuwasha turbo mpya

Badilisheni oili na filta yake. Osheni paipu za oili au mweke mpya. Tumieni gasketi ya kufaa, na msipake silikoni kwenye njia ya oili. Kama turbo ya zamani ilivunjika, toeni vipande vyote kwenye paipu na kwenye kipoza hewa kama kipo. Mwageni pia oili iliyobaki humo. Tieni oili safi ndani ya turbo na mzungushe feni kwa mkono. Pigeni stata bila dizeli mpaka taa ya oili izime. Ndipo muwashe, na injini ingurume polepole dakika chache.

Kazi ya dereva

Akiwasha asubuhi asikanyage mafuta kwa nguvu. Akimaliza mlima mrefu na mzigo, aache injini ingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Akizima ghafla, oili iliyobaki kwenye turbo hukaangika na kuwa mkaa. Dakika mbili za dizeli ni rahisi kuliko turbo.

Azimio kwa kikundi

Wekeni sheria moja kwenye kitabu cha mikutano: hakuna pesa ya turbo nyingine mpaka fundi aonyeshe kilichoua ya kwanza. Aonyeshe kwa macho, si kwa maneno. Na turbo ya zamani irudishwe kwa kikundi, kwa maana yenyewe ndiyo shahidi.

Maswali ya kujadiliana

1. Gari letu lilibadilishiwa oili lini? Nani ana rekodi?
2. Ni vitu gani vimeongezwa kwenye injini yetu baada ya kununuliwa?
3. Katika mfano wetu, nani angeweza kuzuia hasara, na kwa swali gani?
4. Je, kuna kitu kingine cha kikundi, kama pampu ya maji au mashine ya kusaga, ambacho tumekinunulia spea mara mbili bila kujua chanzo cha shida?