Injini Iliyonoki Mlimani: Mfano wa Kufundishia Uchunguzi katika Somo la Sayansi

Utangulizi

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaja akili ya kudadisi miongoni mwa mambo ambayo shule haina budi kuyajenga. Hata hivyo, mara nyingi tunaposimama darasani tunafundisha majibu, wala hatufundishi namna majibu yanavyopatikana. Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwalimu mtarajiwa jinsi tukio la kawaida linavyoweza kuwa somo kamili la uchunguzi. Tukio lenyewe ni la gari lililoharibika. Tumelichagua kwa sababu sisi wenyewe tulikosea mwanzoni, na kosa letu lilikaribia kumgharimu mtu riziki yake.

Tukio

Tulikuwa tukitoka Bukoba kwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule za Muleba. Baada ya Muhutwe tuliiacha njia kuu, tukapanda kuelekea uwanda wa Kamachumu. Njia hiyo ina mwinuko mrefu na kona nyingi. Katikati ya mlima injini iligonga kwa sauti nzito ya chuma, ikatoa kishindo, kisha ikazima. Dereva alijaribu kuiwasha, lakini haikuzunguka hata kidogo. Kwa lugha ya mafundi, injini ilikuwa imenoki.

Papo hapo hukumu ilitolewa. Wengi wetu tulisema kwamba dereva ameliendesha gari bila maji, injini ikaungua. Tuliporudi, tulianza kuandaa taarifa ya kumtaka aeleze kwa nini asikatwe mshahara. Mwanachuo mmoja aliyekuwa ameketi mbele ndiye aliyetuzuia kwa swali dogo: "Mbona taa nyekundu ilikuwa ikiwaka kwenye kona, halafu ikizima njia inaponyooka?" Hatukuwa na jibu. Kwa hiyo tuliiweka taarifa kando, tukaanza upya.

Hatua za Uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kukusanya dalili kabla ya kutaja chanzo. Tuliziandika ubaoni zote, bila kuzieleza: taa ya oili iliwaka kwenye kona, mshale wa joto ulikaa mahali pake mpaka karibu na mwisho, moshi wa bluu ulikuwa ukionekana nyuma kila asubuhi, injini iligonga kabla ya kuzima, baada ya kuzima haikuzunguka.

Hatua ya pili ni kuorodhesha vyanzo vinavyowezekana. Tulipata vitatu: upungufu wa mafuta ya kuendeshea, upungufu wa maji na upungufu wa oili.

Hatua ya tatu ni kuuliza: kama chanzo hiki ndicho, tungeona nini? Hapa ndipo uchunguzi unapotengana na ubashiri. Injini inayokosa mafuta hukohoa, ikafifia na kuzima, lakini ukiiwasha bado huzunguka. Yetu ilikuwa imeshikana. Chanzo cha kwanza kikafutwa.

Juu ya maji tulikuwa waangalifu zaidi, maana hicho ndicho tulichokwisha kukiamini. Penye kimo cha meta 1,500 hivi maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo ni kweli kwamba mlima huipa injini taabu. Lakini rejeta hufungwa kwa kifuniko kinachozuia mvuke, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka. Injini ilipopoa kabisa tulifungua kifuniko, tukakuta rejeta imejaa. Mkanda wa feni ulikuwa mzima, na maji hayakuwa na utando wa oili. Chanzo cha pili nacho kikafutwa, pamoja na hukumu yetu.

Ilibaki oili. Tulichomoa kijiti cha kupimia, tukakifuta, tukakirudisha na kukitoa tena. Oili ilikuwa chini ya alama ya mwisho. Hata hivyo haikuwa imekwisha, na hapa wanachuo wengi walikwama: ikiwa oili ipo, injini imekufaje?

Kwa Nini Kona?

Oili hukaa katika sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini. Pampu huivuta kwa mrija ambao mdomo wake u karibu na sakafu ya bakuli, ikaisukuma mpaka kwenye beringi za krenki na za konrodi. Vyuma hivyo havipaswi kugusana. Vinatenganishwa na utando mwembamba wa oili inayosukumwa bila kukatika. Taa nyekundu hupima msukumo huo. Haipimi wingi wa oili.

Gari linapopinda, oili hukimbilia upande wa nje wa kona. Gari likienda kilometa 40 kwa saa katika kona yenye nusu kipenyo cha meta 30, uso wa oili huinama kiasi cha nyuzi 23. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayoisukuma oili pembeni huongezeka mara nne. Kama bakuli limejaa inavyotakiwa, mdomo wa mrija hubaki ndani ya oili. Kama oili ni haba, mdomo huachwa wazi, pampu ikavuta hewa, na utando ukakatika. Njia inaponyooka oili hurudi, taa ikazima, dereva akadhani mambo ni salama. Lakini kila kona imekwisha kukwangua chuma.

Maradhi haya yanajulikana sana kwa wale wanaokimbiza magari ya mashindano. Watu wa Afrika Mashariki wameyashuhudia mashindano ya Safari tangu yalipoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lililoshinda huko halikuwa lazima liwe jepesi kuliko yote, lilipaswa kufika. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo PV544, akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Katika viwanja vya lami, gari linapopinda kwa nguvu inayolingana na uzito wake, uso wa oili huinama nyuzi 45. Ndiyo sababu mafundi wa mashindano huweka vizuizi ndani ya sampu ili oili isikimbie, au huihifadhi oili katika tangi la pembeni. Gari letu halikuwa la mashindano. Bali upungufu wa oili uliifanya kona ya kawaida iwe na madhara ya kona ya mashindano.

Fundi alipofungua sampu alikuta chembe za chuma zinazong'aa. Beringi za konrodi zilikuwa zimekwanguka, na moja ilikuwa imeshikana na krenki. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika. Hapo moshi wa bluu ukaeleweka: oili ilikuwa ikipanda kwenye silinda na kuungua pamoja na mafuta kidogo kidogo.

Hatua ya nne ndiyo iliyotuaibisha. Tuliuliza: kwa nini oili haikuongezwa? Tulifungua kitabu cha safari. Humo dereva alikuwa ameandika mara tatu, kwa mwandiko wake, kwamba gari linakula oili na kwamba anaomba apewe. Maombi hayo yalipita mikononi mwa watu waliosoma, na hakuna aliyeyasoma. Taarifa ya mashtaka ilichanwa, na dereva akaombwa radhi mbele ya wanachuo waliosikia akilaumiwa.

Kulipeleka Somo Darasani

Mwalimu hahitaji injini ili kufundisha jambo hili. Kwa darasa la tano au la sita zana zifuatazo zinatosha: chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, mrija, maji safi na kipimapembe.

Laza chupa ubavu, toboa tundu upande wa juu katikati, kisha pitisha mrija mpaka ukaribie kugusa chini. Tia maji mpaka nusu. Kabla ya kuinamisha chupa, waulize wanafunzi watabiri kitakachotokea, na kila kikundi kiandike utabiri wake. Inamisha, mtoto mmoja avute kwa mrija, wengine wapime pembe. Punguza maji mpaka kina kiwe cha upana wa kidole, kisha rudia. Watoto watasikia mrija ukikoroma kwa kuvuta hewa kwenye pembe ndogo kuliko mara ya kwanza. Sasa wataje chanzo kwa maneno yao wenyewe.

Watoto wa Kagera wanao mfano mwingine nyumbani. Mtumbwi wa kukamulia ndizi ukiinamishwa, maji ya ndizi hukusanyika upande mmoja; anayechota upande wa pili hukwangua mti mtupu, ingawa maji hayajaisha. Mwalimu aanzie hapo, kisha aende kwenye injini.

Makosa ya Kuepukwa

Kosa la kwanza ni kutaja jibu mapema. La pili ni kupuuza dalili isiyolingana na tunachoamini. Taa ya kwenye kona ilikuwa dalili ya namna hiyo. La tatu ni kusimama kwenye chanzo cha karibu. Beringi ziliharibika kwa kukosa oili, lakini oili ilikosekana kwa sababu maombi hayakusomwa.

Makosa hayohayo tunayafanya kwa watoto. Mwanafunzi akiandika kwamba 52 kutoa 38 ni 26, na 41 kutoa 17 ni 36, ni rahisi kumwita mzembe. Mwalimu mchunguzi ataona kwamba mtoto huyu ana kanuni yake: kila safu anatoa tarakimu ndogo kutoka kubwa, hata iliyo juu ikiwa ndiyo ndogo. Hakuelewa kukopa kutoka safu ya makumi. Fimbo haiwezi kumfundisha kukopa, lakini vifungu vya vijiti kumikumi vitamfundisha.

Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunaongeza kwamba ufa hauzibwi na asiyeutazama. Daftari la mwanafunzi ni kitabu cha safari: ndani yake mtoto ameandika, mara tatu na zaidi, kile anachokikosa. Tulisome kabla ya kuhukumu.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini taa ya oili ilizima njia iliponyooka, ilhali hatari ilikuwa haijaondoka?
2. Taja dalili mbili ambazo zingeonekana kama rejeta ingalikuwa tupu.
3. Chukua daftari moja la hesabu katika shule unayofanyia mazoezi. Tafuta kosa linalojirudia, eleza kanuni iliyo nyuma yake, kisha andaa zana ya kulisahihisha.