Mbwa Akimng'ata Mtu: Asiuawe, Azuiliwe kwa Siku 10

Mbwa anapomng'ata mtu, hasira hutangulia. Majirani hukusanyika na fimbo, naye mwenye mbwa, kwa aibu au kwa kuogopa kudaiwa, huona heri mnyama auawe na kufukiwa kabla jua halijatua. Afanyaye hivyo huwa ameufukia ushahidi ambao daktari na mtaalamu wa mifugo wanauhitaji sana.

Sababu ni hii. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, kisha huingia katika mate. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku aliyong'ata huonyesha dalili na kufa katika muda usiozidi siku 10. Akizipita siku hizo akiwa mzima, anakula na kunywa kama kawaida, basi hakuambukiza kichaa kwa jeraha lile. Kipimo hiki ni cha mbwa na paka pekee. Hakihusu fisi wala mbweha.

Kwa hiyo, mwenye mbwa anapaswa kumfunga kwa mnyororo imara au kumfungia bandani, mbali na watu na mifugo mingine, na kumwarifu afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Afisa huyo asipopatikana, taarifa ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji. Katika siku hizo mbwa asiuzwe, asigawiwe mtu, wala asihamishwe kwenda kijiji kingine. Cheti cha chanjo kionyeshwe kama kipo, lakini hakimwondolei mbwa uangalizi, kwani chanjo huweza kuwa imepitwa na muda. Wala asikimbizwe kuchanjwa baada ya kung'ata: chanjo ya wakati huo haifuti lililokwisha kutendeka, na huweza kuwatatiza wanaozichunguza dalili.

Akibadilika tabia, akidondokwa na mate, akilegea miguu au akifa, afisa aitwe mara moja. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, na kichwa kisipondwe, maana ubongo ndio unaopimwa.

Aliyeng'atwa, kwa upande wake, hasubiri siku 10. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Majivu, pilipili na mafuta ya taa havina nafasi hapo. Kisha aende kituo cha afya aanze chanjo, na afuate tarehe zote zilizoandikwa katika kadi yake. Mbwa akibaki mzima, daktari ndiye atakayeamua kama dozi zilizosalia zisitishwe. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Nazo huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, wakati jeraha limekwisha kusahaulika. Wazazi wawaulize watoto kwa upole, kwani mtoto aliyekuwa akimchokoza mbwa aghalabu huficha hata mkwaruzo, akichelea kuchapwa.

Siku ya 10 ikitimia, afisa mifugo amkague mbwa tena kabla hajafunguliwa, na matokeo yapelekwe kwa familia ya aliyeng'atwa na katika kituo alichotibiwa. Mazungumzo ya gharama za matibabu yafanyike mbele ya mtendaji, mbwa akiwa bado hai.