Kifuniko cha Bati kwa Gari la Mzigo



Karafuu hutaka siku tatu hadi tano za jua ili ikauke, na mvua ya vuli ya nusu saa njiani yatosha kuiharibu kazi hiyo yote. Tumezoea kutandaza turubai juu ya magunia. Lakini turubai hubonyea, maji yakafanya kidimbwi katikati, kisha yakapenya. Somo la safari hii ni kifuniko cha bati, kwa wenye gari la ng'ombe au trela dogo.

Mfano wake niliuona mbali na kwetu, katika mwalo wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma. Kazi kubwa ya pale ni dagaa. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, asubuhi huanikwa mchangani au juu ya vichanja, na jua likiwa kali jioni huwa wamekauka. Mvua za Kigoma huanza mnamo Oktoba au Novemba zikaendelea mpaka Mei. Basi mwanika dagaa na mwanika karafuu adui yao ni mmoja. Fundi mmoja alikuwa amelifunika gari lake kwa bati lililokunjwa mfano wa paa la nyumba. Nilimwuliza kwa nini ameacha matundu mbele na nyuma. Akacheka, akaniambia, "Mwalimu, bati nalo hutoka jasho."

Na ndivyo ilivyo. Hata karafuu iliyokauka vizuri ina unyevu kidogo ndani yake. Bati likipigwa na jua, magunia yaliyo chini yake hutoa mvuke. Mvua ikija ghafla bati hupoa, mvuke huligusa ukageuka matone, na matone hudondokea magunia. Mwenye kuziba kila upenyo hujitengenezea mvua ya ndani.

Sasa vipimo. Tuseme gari lako lina urefu wa futi 6 na upana wa futi 3 na nusu. Bati moja lisilo na migongo, la futi 8 kwa 4, litatosha. Likate liwe na urefu wa inchi 77, upana uuache kama ulivyo. Likunje katikati kwa urefu, ukilibana baina ya mbao mbili zilizonyooka, mpaka mgongo uinuke inchi 6 juu ya kingo. Kila upande utapata kama inchi 2 za kuzidi: inchi moja na nusu ni ya kumwaga maji nje ya gari, na nusu inchi ni ya kukunja ukingo usimkate mtu mkono. Mbele na nyuma fanya vivyo hivyo. Kipande kilichobaki, cha inchi 19, hutoa pembetatu mbili za kuziba ncha, kila moja inchi 42 kwa 6.

Fremu iwe ya mbao za inchi 2 kwa 1, yenye viunzi vitatu: mbele, kati na nyuma. Misumari ipigwe karibu na kingo, wala usipige hata mmoja mgongoni. Chini ya kila kichwa tia kipande cha mpira wa ndani wa tairi kuukuu. Toboa kila pembetatu tundu la inchi 3, ulizibe kwa wavu wa mbu, na juu yake uweke kikofia cha bati kinachoinamia nje.

Bawaba zinapendeza, lakini mimi sizipendi: barabara zetu huzing'oa. Kifuniko hiki watu wawili hukiinua bila taabu, na kamba nne zatosha kukishika upepo ukivuma.

Magunia yasipite mbavu za gari, maana gunia likigusa bati hunywa jasho lake. Na mtu asiunge madebe ya mafuta ya taa kwa kutaka rahisi. Harufu yake haitoki, na karafuu huivuta upesi.

Mwisho ni rangi. Palipokatwa na palipotobolewa zinki huwa imeondoka, na kutu huanzia hapo. Yule fundi wa Kibirizi hakupaka chochote, kwa kuwa maji ya ziwa lao si ya chumvi. Sisi tulio katikati ya bahari tupake kila ukingo mara mbili kabla ya kupigilia, na kila mwaka tena kabla ya mavuno.

Katibu wa Chama