Somo: Kupiga Picha ya Uso Mbele ya Pazia Jeusi

Mara nyingi ni wakati wa msiba ndipo nyumba zetu huku Likoni, Kisauni na Changamwe hugundua kwamba mzee hakuwa na picha. Itatafutwa kabatini, itatafutwa katika simu za watoto, na mwishowe itachukuliwa ile ndogo ya kitambulisho ikuzwe mpaka uso uwe ukungu mtupu. Basi hiyo ndiyo inayowekwa juu ya jeneza. Somo la leo ni la vijana wa vikundi wanaotaka kuifanya picha kuwa kazi, na pia la yeyote mwenye simu na mzazi aliye hai. Tutajifunza kumwangazia mtu mbele ya pazia jeusi kabisa.

Wakubwa wanawakumbuka wapiga picha wa Likoni feri wa miaka ya 1990. Vibanda vyao vilikuwa na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu, na mteja akisimama pale alionekana msafiri. Ulikuwa ufundi, wala hatuudharau. Lakini pazia la meli humsaidia mpiga picha, kwa sababu hata uso ukitoka vibaya, kuna meli ya kutazama. Pazia jeusi halina msaada huo. Faida yake ni kwamba linaficha ukuta uliobanduka rangi, na chumba kidogo cha kupanga kinatosha.

Wengi hufikiri weusi unaletwa na kitambaa. Hapana. Weusi unaletwa na kukosa mwanga. Kitambaa cheusi kikimulikwa kinakuwa rangi ya majivu, na kila kunyanzi linaonekana. Mahameli ndiyo bora kwa kuwa inameza mwanga. Kitambaa kinachong'aa kiache. Halafu mtenge mtu mbali na pazia. Mwanga wa balbu unapungua haraka sana kwa umbali: balbu ikiwa mita 1 kutoka usoni na mita 3 kutoka kwenye pazia, pazia linapata sehemu moja tu ya tisa ya mwanga unaofika usoni. Ndiyo maana anayeegemea pazia hawezi kupata weusi, hata anunue kitambaa cha bei gani.

Umeme ukikatika, na sisi tunajua unavyokatika, tumia mlango. Chagua mlango usiopigwa na jua moja kwa moja saa hiyo. Funga madirisha, zima balbu ili rangi zisichanganyike, na uangalie matundu ya mabati. Mketishe mtu ndani, hatua moja kutoka mlangoni, akitazama nje. Pazia likae nyuma yake katika giza la chumba, mita 2 au 3. Wewe simama ubavuni mwa mlango, usimzibie mwanga. Kisha sema naye kwa heshima: "Shikamoo bibi, naomba ugeuze uso kidogo upande huu." Upande mmja wa uso utang'aa, mwingine utaingia kivulini. Kivuli kikizidi, mwenzako ashike karatasi nyeupe ya manila upande huo, karibu na shavu lakini nje ya picha.

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo picha nyingi za watu wetu huharibika. Ngozi nyeusi mbele ya pazia jeusi inaweza kupotea, hasa nywele, sikio na bega. Dawa yake si kumwagia uso mwanga mwingi. Weka taa ndogo au tochi yenye mwanga mweupe nyuma yake, upande wa kivulini, imulike bega na ukingo wa kichwa. Utaona mstari mwembamba wa mwanga ukimtenga na giza. Mama aliyevaa buibui anahitaji mstari huo zaidi ya wote, la sivyo uso na mikono vitaonekana vinaelea hewani. Tena usimpake poda mpaka asing'ae kabisa. Jasho la Mombasa lifute kwa leso, lakini ule mng'ao kidogo wa paji na mashavu ndio unaochora umbo la uso mweusi.

Kosa si la ngozi. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Filamu zilipokuja kuboreshwa upande wa rangi ya kahawia, kati ya waliolalamika hadi wakasikika walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha! Katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Kamera nayo ina tabia yake. Ikiona weusi mwingi, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga: pazia linakuwa majivu na uso unapauka. Usiiachie iamue. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha alama ya jua kushusha mwanga mpaka pazia life na uso ubaki. Kwenye kamera, shusha hatua moja au mbili. Kanzu nyeupe au sare ya kwaya ina shida kinyume chake, inawahi kuungua kabla ya uso. Basi mgeuze kidogo ili nguo isitazame mlango.

Picha ya pasipoti usiipige hivi, kwa sababu hiyo hutakiwa nyuma peupe.

Zoezi: kila mwanakikundi ampige mzee mmoja wa nyumbani kwake, mara tatu, pazia likiwa nusu mita, mita 1, halafu mita 3 nyuma yake. Zisafishwe zote tatu kwa ukubwa wa kiganja na zije kwenye mkutano. Ile nzuri apewe mzee mwenyewe, na jina lake kamili na tarehe viandikwe nyuma kwa penseli.