Mjusi wa bluu wa Kimboza: ukiletewa mtaani, fanya hivi

Kwenye minazi na kuta za nyua za Mbagala au Bunju, mchana wa jua, huonekana mjusi mdogo mwenye kichwa cha njano na mwili wa kijivu unaoelekea bluu. Huyo mwache. Ni mwenyeji wa pwani, hana sumu, chakula chake ni wadudu.

Wa kumtilia shaka ni binamu yake: dume ni bluu inayong'aa mwili mzima, kooni ana weusi, jike ni kijani au kahawia. Ukimkuta Dar es Salaam, jua ameletwa. Duniani kote makazi yake ya asili ni vipande vichache vya msitu chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, hasa Kimboza, msitu wa hekta zipatazo 400 tu.

Huko huishi juu ya mkadi wa mwituni, mti wenye majani marefu ya miiba. Wakamataji waliukata mti mzima ili kuwapata waliomo, na hapo ndipo uchungu wa jambo hili ulipo: hata aliyeponyoka alikosa nyumba. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa mijusi zaidi ya 32,000. Waliuzwa ng'ambo kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Tangu Januari 2017 mkataba wa CITES unakataza biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini, na sheria yetu ya wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kukamata wala kumiliki mnyamapori bila kibali.

Kwa hiyo mtu akikuomba umlazie boksi lenye matundu nyumbani kwako Temeke, au umpokelee mzigo wa basi kutoka Morogoro, uliza kilichomo. Wakiwa ni mijusi hawa, usiwanunue kwa huruma. Pesa yako itamrudisha mkamataji msituni. Usiwaachie kwenye mti wa jirani pia. Kumbuka mahali, saa na namba ya gari, kisha toa taarifa polisi au kwa mamlaka ya wanyamapori, TAWA, bila kugombana na mwenye mzigo. Kama tayari unao mkononi, waweke kivulini penye hewa, wanyunyizie maji kidogo, na usiwashikeshike, maana mkia wao hukatika upesi.